Mayai Niliyomtumia Wifi

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimetoka kupakwa majivu, nimekuta kuku wawili wamevimba macho kama watu waliopigana. Mafua. Nilijua yatakuja. Mvua haipumziki na banda la upande wa chini linavuja. Mume wangu Henry aliahidi kuliziba kahawa ikiuzwa, na kahawa iliuzwa mwaka jana.

Padre amesema Kwaresima isiyo na sadaka ni kushinda njaa tu. Nimeweka nia: mwaka huu kila wiki nitatoa kitu, tena nitampa mtu ambaye moyo wangu haumpendi sana. Nilijisikia vizuri kweli nilipoweka nia hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mafua yameenea banda zima, na harufu yake inafika jikoni. Shukrani, bwana mifugo wetu, yuko kata ya Ukata kwenye chanjo na simu yake haipatikani. Nimekwenda mwenyewe duka la dawa za mifugo, nikachukua dawa ya unga ya salfa. Muuzaji akacheka.

“Mama Hilda, si wewe uliyetufundisha kwamba tusiuze dawa kabla mfugaji hajamwona mtaalamu?”

“Nimeshaongea naye,” nikasema.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine nimeshaanza kuuficha. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa kuku wa mayai, na tangu mwaka jana ndiye mhamasishaji wa kata juu ya dawa za kuku. Nimepewa fulana na kofia. Baada ya matangazo ya Misa nasimama nawaambia watu: kuku akinywa dawa, mayai yake yasiuzwe wala yasiliwe mpaka siku za kusubiri ziishe. Dawa hupita kwenye yai ikaingia kwa mlaji. Yupo ambaye mwili wake unaikataa, atadhurika hapo hapo. Sisi wengine vijidudu vyetu vinaizoea kidogo kidogo, na siku tukiugua kweli dawa haifanyi kazi. Nalijua somo hili kama Baba Yetu.

Nimefika nyumbani, nikavaa miwani, nikasoma pakiti. Imeandikwa isitumike kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa na watu. Nikavua miwani, nikaikoroga kwenye maji yao.

Jumapili, 9 Machi

Wateja nimewaambia kuku wamegoma kutaga. Kumbe wanataga, na trei zimejaa chumba cha wageni.

“Yafukie,” Henry amesema. “Si ndivyo unavyowaambia wenzako?”

Nimechukua jembe nikachimba shimo nyuma ya migomba. Nikaja na trei nzima mikononi, nikasimama pale. Mayai masafi, mengine bado yana joto la kuku. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ambayo yai moja tuligawana watoto wote, na aliyeangusha punje ya mahindi aliambiwa aiokote. Kuuza siwezi, dhamiri inanisuta. Kufukia nako ni kufukia chakula, tena Kwaresima. Sikuweza.

Ndipo nikamkumbuka Luisa. Ni mke wa mdogo wangu Elias, wanaishi Mbamba Bay, amejifungua juzijuzi mtoto wa kike wanayemwita Loveth. Mama yetu Kunigunda ameshuka huko kumlea mzazi. Sijawahi kumpenda Luisa. Ana majibu. Siku ya harusi yake alionja mchuzi wa mama akasema chumvi imezidi, na kweli ilikuwa imezidi, lakini bibi harusi hasemi. Basi huyu ndiye mtu wa nia yangu. Mzazi anatakiwa ale, na kule ziwani mayai ni ya kutafuta. Sitakuwa nimeuza. Nitakuwa nimetoa. Na dawa yenyewe ni kidogo, na mayai yatachemshwa.

Jumatatu, 10 Machi

Trei mbili zimeshuka na kosta ya asubuhi.

Jumanne, 11 Machi

Elias amepiga simu. “Dada, umemheshimu mke wangu.” Akampa simu Luisa mwenyewe. “Ahsante wifi,” akasema. “Sikutegemea.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Nimeshinda leo nikiimba.

Ijumaa, 14 Machi

Njia ya Msalaba. Kosta imepandisha mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kutoka kwa Luisa, umechambuliwa vizuri, hauna hata mchanga. Sijawahi kupewa kitu na Luisa. Tumekula na ugali, Henry amerudia mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Trei nyingine mbili zimeshuka. Kuku wanapona, ila maji ya dawa bado naweka, nisije nikakatisha njiani.

Jumanne, 18 Machi

Mama anasema Luisa ametoka vidonda kwenye midomo, na mkononi ana madoa meusi ya mviringo. Nimemwambia ampake mafuta. Nilikuwa napalilia, sikufikiri zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Mtakatifu Yosefu. Mvua. Nimevaa fulana, nimefundisha akina mama wa jumuiya somo la dawa.

Jumamosi, 22 Machi

Mama amepiga. Sauti yake ilikuwa ya chini, nikajua yuko nyuma ya nyumba.

“Hilda, uko peke yako?”

“Shikamoo mama. Niko peke yangu.”

“Marahaba. Tumetoka zahanati. Muuguzi amemwangalia mke wa mdogo wako, akasema haya madoa ni ya salfa. Luisa naye akasema ndiyo, salfa inamkataa tangu utoto, hata kliniki aliikataa ile dawa ya malaria ya wajawazito. Muuguzi akamuuliza, basi umemeza nini? Akajibu hajameza kitu. Muuguzi akamtazama, na mimi nikamtazama.”

“Labda ni kitu kingine, mama.”

“Kitu gani? Salfa iko kwenye septrini. Na septrini wanapewa nani? Mimi si mtoto, Hilda.”

Nilielewa anachosema. Wenye virusi hupewa septrini iwakinge na magonjwa mengine. Hilo si la kumvunjia mtu heshima, shangazi yetu mwenyewe aliishi na virusi mpaka akawa bibi mwenye wajukuu. Lakini mama hakuwa anasema ugonjwa. Alikuwa anasema mke wa mtoto wake ana siri, ameileta ndani ya nyumba, na anamnyonyesha nayo mtoto.

“Walipima alipokuwa mjamzito, mama. Yeye na Elias, wote wawili.”

“Mwaka jana huo. Na nasikia dawa za virusi zinafubaza mpaka kipimo hakioni.”

Si kweli, kipimo kinaona, na sikumwambia hata hilo. Nilikuwa nimesimama dirishani, na dirishani ndipo ninapoweka pakiti ya dawa ya kuku. Neno salfa limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote. Mayai yameshuka mara mbili, na madoa yametoka. Ningesema pale pale. Mama, ni mayai yangu. Ni maneno manne tu, na mimi ni mtu wa maneno mengi. Nikasema, “Basi usimwambie mtu.”

“Nimwambie nani?” akajibu haraka, nikajua ameshawaambia.

Sijala chakula cha jioni. Henry ameniuliza kama naumwa, nikamwambia ni mfungo.

Jumatatu, 24 Machi

Leo hakuna mayai yaliyoshuka. Maji ya dawa nimeyamwaga. Nimejiambia basi, yamekwisha, madoa yatafutika na maneno yatafutika.

Alhamisi, 27 Machi

Madoa ya Luisa yamezidi, makali kuliko mwanzo. Nimempigia Luisa, nikazungukazunguka weee kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho nikasema, “Wifi, punguza mayai kidogo. Mayai mengi si mazuri kwa mzazi.”

Akacheka kidogo. “Nikipunguza nitakula nini? Mama ametenga sahani yangu na kikombe changu. Chakula ananiletea mlangoni. Mayai yako nachemsha mwenyewe, ndiyo ninayokula kwa amani. Bado ninayo trei moja.”

Yeye akaendelea.

“Nataka nikwambie kitu, wifi. Hapa kila mtu ameniuliza. Mama ameniuliza, Elias ameniuliza, jirani ameniuliza. Wewe peke yako hujaniuliza. Nilikuwa nakuona mtu wa maringo, nisamehe.”

Nikamwambia hakuna cha kusamehe. Nimekata simu nikaenda kukaa bandani na kuku, maana ndani ya nyumba nilikuwa naona aibu hata kwa viti.

Kwa nini sikusema? Naandika ili nijione. Nilimwona Shukrani akinivua ile kofia mbele za watu. Nilimwona muuza dawa akicheka. Niliona kanisa zima likigeuka kunitazama. Upande wa pili nilimwona Luisa peke yake na sahani yake, na nikachagua kofia.

Jumapili, 30 Machi

Nimesimama tena baada ya matangazo. Nimefupisha.

Jumanne, 1 Aprili

Shukrani amerudi kutoka Ukata, amepita nyumbani. Ni kijana wa Mara, ana haraka ya kazi na heshima ya nyumbani kwao. Kabla hajaingia nimeificha pakiti chini ya kapu.

“Shikamoo mama mwenyekiti. Kuku wazima?”

“Wazima. Hivi, mwanangu, kuna mfugaji mmoja aliwapa kuku wa mayai salfa. Mtu aliyekula yale mayai, mwenye mwili unaokataa salfa, anaweza kutoka madoa?”

Akaacha kunywa chai. “Anaweza kabisa. Hapa hatuna pa kuyapima hayo mayai, lakini anaweza. Nani huyo? Salfa kwa kuku wa mayai? Huyo ni wa kuchukuliwa hatua, mama!”

“Wa huko chini, ziwani,” nikasema.

“Umeona? Ndiyo maana redio wanakutaka ukafundishe Juma Kuu. Wewe ndiye mfano wetu.”

Chai ilinipalia.

Ijumaa, 4 Aprili

Elias amemrudisha Luisa kwao Tingi. Mama alitaka Loveth aachishwe ziwa apewe maziwa ya ng'ombe, mtoto ambaye hajamaliza hata miezi miwili. Luisa akakataa. Elias akamwambia basi apime tena ili maneno yaishe. Akakataa hilo nalo. Elias amenieleza kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

“Alisema nini hasa?” nikamuuliza.

“Alisema, ‘Nimepima, majibu yako kwenye kadi ya kliniki, na wewe ulikuwepo. Leo nikipima kwa sababu mama amesema, kesho nitapima kwa sababu ya nani?’ Dada, mtu asiye na kitu angekataa?”

Mimi naona angekataa. Yule aliyesema chumvi imezidi ndiye huyu huyu aliyekataa, na sasa namwona vizuri: Luisa hasemi uongo kumfurahisha mtu. Mimi ndiye nimekuwa nikimfurahisha kila mtu. Nilimjibu Elias, “Mpe muda.” Mpe muda! Sitasahau kwamba nililisema hilo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa. Maharage kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, yanazama.

Jumatano, 9 Aprili

Mama anasema habari za Tingi ni kwamba madoa yamefifia. “Unaona?” ananiambia. “Kule kwao wanamwangalia, hapati nafasi ya kumeza.” Kule kwao hakuna mayai yangu, mama. Nimelisema hilo baada ya kukata simu.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Nimebeba tawi. Usipa wa Luisa bado upo kwenye mfuko, siwezi kuula na siwezi kuutoa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kitubio. Foleni ilikuwa ndefu na nilitumaini padre angechoka kabla sijafika. Hakuchoka. Nimesema yote: dawa, uongo dukani, mayai niliyoyaita sadaka, Luisa. Akauliza swali moja tu, kama yule mama bado anatuhumiwa. Nikasema ndiyo.

“Mungu anakusamehe,” akasema. “Mimi nakuondolea. Lakini jina lake siwezi kumrudishia nikiwa humu ndani. Unajua ni nani analo.”

Nilitegemea nitatoka mwepesi. Nimetoka na mzigo ule ule, tofauti ni kwamba sasa nina anwani ya kuupeleka. Redio nimewaambia siji.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili, Mbamba Bay

Kabla ya kuondoka nimemwambia Henry. Akavaa viatu, akanisindikiza stendi kwenye mvua. Hakusema “nilikwambia”, na alikuwa na haki.

Nimewakuta mama na Elias sebuleni. Nimeweka pakiti ya dawa mezani, nikasimama, maana nilihisi nikikaa sitasema. Nikasema yote tangu mafua mpaka leo.

Mama akatikisa kichwa, akanishika mkono, machozi yakamlengalenga. “Una moyo, mwanangu. Lakini usijitwike dhambi ya mwingine ili kuokoa ndoa ya mdogo wako. Wewe unayefundisha watu? Wewe?”

Sikulitegemea hilo. Nilijiandaa kutukanwa, sikujiandaa kusifiwa. Nikaapa. Akaniambia nisiape Jumamosi Kuu.

Elias ndiye aliyeichukua pakiti. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

“Dada, kama ni kweli, wewe ungekaa kimya wiki nne? Nimemfukuza mke wangu, nakueleza kwenye simu nalia, na wewe unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Unaniambia nimpe muda?”

“Ndiyo, Elias.”

Alinitazama, nikaona anaanza kuamini, na nikaona kuamini kunavyomuumiza. Nilimbeba huyu mgongoni. Akaiweka pakiti chini polepole, akatoka nje. Mama akabaki ameshika mkono wangu, kisha akauachia. Sasa naye alikuwa ameelewa. “Niliwaambia watu mwaloni,” akasema. “Mitumbwi ilipokuwa inashusha usipa. Wote walinisikia.”

Tumesali Mkesha wa Pasaka benchi moja.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili, Tingi

Baba yake Luisa alitukaribisha kwa heshima ambayo hatukustahili. Luisa alikuja na Loveth amemlaza kifuani, akaketi akimnyonyesha. Midomo imepona. Madoa mkononi yamebaki kivuli. Nikasimulia tena. Mara ya nne si rahisi kuliko ya kwanza, yeyote anayesema hivyo hajajaribu.

“Kwa hiyo yalikuwa mayai,” akasema.

“Yalikuwa mayai.”

“Ulijua lini?”

“Siku ile ile mama aliponipigia, mlipotoka zahanati.”

Akahesabu kichwani, nikaona uso wake unabadilika. “Siku niliyokushukuru kwa kutoniuliza, ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

Akamhamishia mtoto ziwa la pili. Elias akapiga magoti, akaanza kusema samahani, Luisa akamwinulia mkono anyamaze, wakati wake bado. Mama alikuwa anaangalia chini.

“Hapa mmesema kwa watu watano,” Luisa akasema. “Mama alisema mwaloni. Wifi, nenda kaseme mwaloni. Na uvae hiyo fulana yako, ili watu wajue aliyesema ni nani.”

Jumatano, 23 Aprili, Mbamba Bay

Nimesema. Asubuhi, mitumbwi imerudi, wanawake wamejaa na mabeseni. Nikapanda juu ya kreti na fulana yangu. Wengine walinijua, wakasogea wakidhani ni lile somo. Na kweli lilikuwa lile somo, ila safari hii mfugaji alikuwa na jina. Niliwaambia dawa niliyonunua bila kumuuliza mtaalamu. Niliwaambia pakiti ilisema nini, na kwamba niliisoma. Niliwaambia kwamba mayai yasiyofaa kuuzwa hayafai kugawiwa, wala kupelekwa kanisani, wala kupewa mzazi, na kwamba mimi nilimpa mzazi. Nikasema jina la Luisa, nikasema hakumeza kitu, nikasema mliyoyasikia hapa yalikuwa uongo na mimi niliyaacha yatembee. Nililia, ingawa niliapa sitalia, maana kilio nacho ni njia ya kuomba kuonewa huruma.

Mama Getrude anayekaanga samaki ndiye aliyeuliza wa kwanza. “Na haya tunayonunua sisi, tutajuaje?”

“Kwa macho hamtajua,” nikasema. “Mwulizeni anayeuza kama kuku walipewa dawa, na lini. Niulizeni na mimi.”

Walibaki wakiulizana. Mama yangu alikuwa nyuma, kwenye kundi lile lile alilolisemea. Akapita katikati yao, akasema kwa sauti, “Na mimi nilimsingizia mkwe wangu,” kisha akaenda barabarani alikosimama Luisa, aliyekuja kutoka Tingi kusikia, akambebea begi mpaka nyumbani. Elias alitangulia kufungua mlango.

Jioni, kabla sijaondoka, Luisa amenisindikiza mpaka getini. Nikafikiri labda.

“Umesema vizuri, wifi,” akaniambia. “Hukuacha kitu. Sasa naomba usinipigie simu. Nitakapoweza, nitapiga mimi.”

Nikasema sawa. Akarudi ndani, mtoto alikuwa analia.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imekata. Nimemweleza Shukrani, amekasirika, na ana haki. Amesema kikundi kitakaa kuamua kama nibaki. Redio wamepiga: habari imewafikia, wanataka nije niisimulie, eti itagusa watu. Mama amepiga, Loveth ameongezeka uzito na Luisa amerudi kula meza moja na wenzake. Dada wa jumuiya naye amepiga kunipa pole na hongera, vyote kwa pamoja.

Kila simu ikilia naacha nilichoshika na kukimbia. Luisa hajapiga.